Kila anayeingia kwenye Wi-Fi ya ofisi aingie kwa jina lake

Ukifika katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa na kuuliza kama kuna Wi-Fi, utajibiwa kwa kutajiwa neno la siri. Limebandikwa ukutani nyuma ya mhudumu wa mapokezi au limeandikwa kwenye ubao wa chumba cha mikutano, na mara nyingi ni jina la taasisi likifuatiwa na mwaka. Mgeni hupewa kwa ukarimu, kwa sababu bando ni ghali na kumnyima mtu mtandao uliopo huonekana ni roho mbaya. Jioni mgeni huondoka, lakini simu yake imelihifadhi neno lile, na miezi mitatu baadaye akipita barabarani simu itajiunga yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Utaratibu huu haufai tena kwa taasisi yoyote inayotunza taarifa za watu, iwe hospitali, shule, SACCOS, halmashauri au ofisi ya wakili. Kila mtumiaji anapaswa kuingia kwa utambulisho wake mwenyewe, unaoweza kutolewa na kufutwa bila kumgusa mwingine. Taasisi inayoweza kufanya hivyo na haifanyi ihesabiwe kuwa haijatimiza wajibu wa kisheria wa kulinda taarifa ilizokabidhiwa.

Anayetaka kuutumia mtandao wa waya lazima kwanza afike kwenye tundu la ukutani, na hiyo peke yake ni kinga. Mawimbi ya redio hupita ukuta na kufika hadi maegesho ya magari na duka la jirani. Kwa hiyo mtandao usio na waya hudai majibu ya maswali mawili: je, yanayopita hewani yanaweza kusomwa na asiyehusika, na aliyeunganishwa ni nani? Mjadala wa hadhara umetawaliwa na lile la kwanza, na si bila sababu. Kinga ya mwanzo kabisa, iliyoitwa WEP, ilikuja na kiwango cha Wi-Fi cha 802.11 mwaka 1997. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba namna ilivyotumia ufunguo wake iliuvujisha ufunguo huohuo kidogo kidogo, na mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kuwa unaweza kupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Kati ya miaka hiyo miwili, kampuni ya TJX ya Marekani ililipa gharama ya kuchelewa. Mwaka 2005 wezi walipenya kupitia Wi-Fi ya duka lake moja la Marshalls iliyolindwa na WEP, wakafika kwenye mifumo mikuu ya kampuni na kuchota taarifa za kadi zisizopungua milioni 45.7. Kampuni ilitangaza wizi huo Januari 2007, na kiongozi wa genge, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2010.

Kisa cha TJX husimuliwa kama kisa cha usimbaji dhaifu. Ni kweli, lakini kina upande wa pili unaotuhusu zaidi leo. Wezi walipokwisha kuupata ufunguo, mtandao haukuwa na njia ya kuwatofautisha na wafanyakazi, na waliendelea kuvuna kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tangu hapo swali la kwanza limejibiwa vizuri. Kinga mpya ya WPA2 ilikuja mwaka 2004 na kuanzia 2006 ikawa sharti kwa kila kifaa kinachopewa nembo rasmi ya Wi-Fi. Mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alipogundua kasoro yake mwaka 2017, watengenezaji walitoa masasisho, na mwaka uliofuata ikaja WPA3. Mafanikio hayo yameziridhisha taasisi kupita kiasi. Meneja akiambiwa kwamba Wi-Fi yake inatumia WPA2, huamini kazi imekwisha, ilhali ufunguo uleule bado wanao watu asioweza hata kuwataja.

Inafaa kueleza kinachotokea ndani, maana hapa ndipo hatari isiyoonekana ilipo. Katika WPA2 ya neno moja la siri kwa wote, neno hilo ndilo chimbuko la funguo za kila kifaa. Mwenye kulijua akinasa mawasiliano ya sekunde chache simu yako inapojiunga, anaweza kukokotoa ufunguo wako na kuifungua kinga ya Wi-Fi katika kila unachotuma na kupokea. Asiyelijua naye hakosi nafasi. Atanasa mawasiliano yaleyale, aende nayo nyumbani, ajaribu mamilioni ya maneno kwenye kompyuta yake bila mtandao wenu kuhisi chochote. Jina la taasisi na mwaka halitadumu usiku mmoja. WPA3 imeziba mianya hii miwili, na anayenunua vifaa vipya asikubali pungufu ya hapo. Hata hivyo WPA3 yenye neno moja la ofisi nzima bado haijui nani ni nani. Mfanyakazi aliyefukuzwa wiki iliyopita na mhasibu aliyeko mezani ni sawa machoni pake.

Dawa inayotajwa kwa kawaida ni kubadilisha neno la siri mara kwa mara. Katika taasisi yenye watu 60 hilo maana yake ni kugusa kila simu, kila kompyuta, printa, kamera na televisheni ya ukutani siku hiyohiyo, huku kazi zikisimama na mtu wa TEHAMA akilaumiwa na kila idara. Basi halibadilishwi. Huondoka wafanyakazi, huja na kuondoka wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mafundi wa viyoyozi na wauzaji wa programu, na wote hubaki nalo. Wapo wanaodhani wamelitunza kwa sababu humwandikia mgeni wenyewe kwenye simu yake bila kumtajia. Siku hizo zimepita. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu iliyounganishwa hutoa msimbo wa kuskani ili mwingine ajiunge, na iPhone tangu mwaka 2022 humwonyesha mwenye simu neno lote la mtandao aliouhifadhi. Kumpa mtu mmoja ni kuwapa wote atakaopenda kuwagawia.

Kuna pia suala la haki, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Ujumbe wa matusi, utapeli au picha ya faragha ikitumwa kutoka kwenye mtandao wa ofisi, kwa kawaida hutokea nje kwa anwani moja ya intaneti ya ofisi nzima. Wapelelezi wakifika, uongozi hauna la kusema zaidi ya kwamba ni mmoja wetu, au mmoja wa waliowahi kututembelea. Namba ya kifaa haisaidii sana, kwa kuwa hubadilishwa kwa urahisi na simu za sasa hujibadilishia zenyewe ili kulinda faragha ya mwenye simu. Tanzania, katika Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ilizitaka intaneti kafe zifunge kamera. Kamera itaonyesha sura ya aliyeketi, lakini haitasema ni kifaa kipi kati ya vyote vilivyomo ndani ndicho kilichotuma. Penye watuhumiwa wengi na ushahidi mchache, shutuma huwaangukia wasio na wa kuwatetea: kibarua, mlinzi wa usiku, kijana wa mafunzo aliyeonekana na laptopu. Mtu anayeingia kwa jina lake ana kumbukumbu inayoweza kumtoa hatiani.

Njia ya kufanya hivyo si mpya. Kiwango cha 802.1X kilitoka mwaka 2001, mwaka uleule WEP ilipovunjwa. Kifaa cha Wi-Fi kilichoning'inia darini hakiamui chenyewe nani aingie. Humruhusu anayebisha kufanya jambo moja tu, yaani kujitambulisha, na hupeleka utambulisho huo kwenye seva ya uhakiki. Mara nyingi seva hiyo huzungumza lugha ya RADIUS, iliyobuniwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston kwa ajili ya wateja waliounganishwa kwa simu za mezani. Seva ikiridhika, mtumiaji hupata ufunguo wake peke yake, wa kipindi hicho tu, ambao jirani yake hawezi kuukokotoa hata kama wote wawili ni wafanyakazi halali. Seva hiyohiyo yaweza kuagiza kwamba daktari aingizwe kwenye sehemu yenye mfumo wa wagonjwa na mwanafunzi aishie kwenye intaneti. Mtu akiacha kazi, jina lake hufungwa kwa dakika moja na hakuna mwenzake anayelazimika kubadili chochote.

Wanaosema haya ni ya nchi tajiri watazame vyuo vyetu. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa Uholanzi alipendekeza vyuo vikuu vitambuane kwa utaratibu huu, na kutoka hapo ukazaliwa mtandao wa eduroam ambao leo umeenea katika nchi zaidi ya 100. Kenya imo kupitia mtandao wake wa vyuo, KENET, Uganda kupitia wake, RENU. Mhadhiri wa chuo cha Uganda kilichojiunga akifika katika chuo cha Kenya kilichojiunga, laptopu yake huunganishwa bila yeye kuomba neno la siri kwa mtu. Chuo mwenyeji hupeleka ombi kwa chuo chake, chuo chake hujibu kuwa ni wetu, naye huingia. Neno lake la siri halifunguliwi na mwenyeji, na akifanya uharibifu chuo chake kinaweza kumtambua. Ikiwa vyuo vya nchi mbalimbali vimeweza kuaminiana hivi kwa maelfu ya wanafunzi wanaobadilika kila mwaka, hospitali ya wilaya yenye orodha ya mishahara iliyo tayari haina sababu ya kushindwa kuwajua watumishi wake.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na sehemu yake ni ya kweli. Programu yenyewe si tatizo: FreeRADIUS ipo tangu mwaka 1999 na haiuzwi, na vifaa vingi vya Wi-Fi vya maofisini vina uwezo huu tayari, umelala tu. Kinachogharimu ni mtu wa kuuweka, kuutunza, na kupokea simu za wenzake siku ya kwanza. Kwa ofisi ya watu sita mzigo huo waweza kuwa mkubwa, nami sidai ibebe mzigo wa benki. Ipo hatua ya kati ambayo vifaa vingi vya sasa huitoa, ya kumpa kila mtu neno lake tofauti kwenye mtandao huohuo mmoja, na hiyo peke yake huondoa tatizo la aliyeacha kazi. Nyumbani, ambako wanaoingia wanajulikana kwa majina na kwa tabia, neno moja refu linatosha. Hoja kwamba watu wetu hawatayaweza maneno mengi ya siri siikubali hata kidogo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na tangu hapo mamilioni ya watu, wakiwemo wasiokwenda shule, wameshika namba zao za siri na kuelewa kwa nini hawapaswi kumpa hata wakala. Hakuna ambaye angekubali tawi zima la benki litumie namba moja.

Pingamizi la pili hutolewa na watu wanaojua teknolojia. Wanasema siku hizi karibu kila tovuti na programu husimba mawasiliano yake yenyewe, kwa hiyo anayenasa Wi-Fi ataona makapi. Kwa anayesoma habari au kutuma pesa hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa, na tunapaswa kulishukuru. Lakini mtandao wa ofisi si njia ya kwenda intaneti tu. Ndani yake kuna printa iliyohifadhi nakala za mikataba, kinasa picha cha kamera chenye neno la siri la kiwandani, folda ya pamoja iliyofunguliwa kwa wote mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na ukurasa wa kuendeshea ruta. Vitu hivyo vimejengwa kwa imani kwamba aliyeko ndani ni mwenzetu. Imani hiyo ikianguka, usimbaji wa tovuti za nje hauvisaidii.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na ningependa lisikilizwe na wale wanaokubaliana nami haraka. Kuingia kwa jina ni kuacha alama. Mwajiri anaweza kujua umeingia saa ngapi, umekaa jengo lipi, umeondoka lini. Katika nchi ambazo watu wamefikishwa mahakamani kwa maneno waliyoandika mtandaoni, si woga wa bure kuogopa kumbukumbu kama hizo. Mwandishi wa habari, mwanaharakati na hata mfanyakazi anayetaka kufichua ubadhirifu ana sababu za kutaka mahali pa kupumulia. Nawaunga mkono kwa kiasi hiki: sitetei utambulisho wa lazima kwenye Wi-Fi ya wazi ya sokoni, stendi au maktaba ya umma, mahali ambapo raia hapaswi kujieleza ili asome. Ninachozungumzia ni mtandao wa ndani wa taasisi inayoshika mafaili ya wengine. Huko pia kumbukumbu ziwe na kikomo: nani ameunganishwa na lini, bila orodha ya anachosoma, zitunzwe kwa muda mfupi uliotangazwa, na zifunguliwe kwa utaratibu unaojulikana, si kwa simu ya bosi. Teknolojia yenyewe inaruhusu kiasi. Katika eduroam mtumiaji anaweza kujitokeza kwa mwenyeji bila jina, akionyesha chuo chake tu. Faragha ya mgonjwa ambaye faili lake liko kwenye mtandao huo nayo inahitaji mtetezi, na mgonjwa hayupo kwenye kikao cha kupanga Wi-Fi.

Wapo pia wanaosema mfumo huu wa 802.1X nao umewahi kuvunjwa. Ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Taasisi nyingi huuendesha kwa jina na neno la siri kupitia njia ya MSCHAPv2, ambayo mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kuwa inaweza kufunguliwa yote. Usalama wake wote hutegemea simu ihakikishe kwanza kwamba inazungumza na seva halisi. Mwizi huweka mtandao wenye jina kama lenu, na simu isiyohakikisha humkabidhi kila kitu. Kwa miaka mingi mafundi waliwaambia wafanyakazi wachague isihakikishe, ili kazi iishe haraka. Ushauri huo ni wa hatari, na Google ilifanya vyema kuanza kuliondoa chaguo hilo kwenye Android 11 mwishoni mwa mwaka 2020. Ningependa taasisi zenye uwezo ziende moja kwa moja kwenye vyeti vya kidijitali, ambapo kila kompyuta na simu hupewa cheti chake. Cheti hakitajwi kwa mdomo wala hakibandikwi ukutani, na hakuna neno la siri la kuibiwa. Printa na kamera zisizoweza utaratibu huu zitengewe sehemu yao isiyofika kwenye mafaili. Mgeni apewe mtandao wa wageni, tena kwa moyo mweupe. Ukarimu wetu haudai aingizwe stoo.

Sheria tayari zipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua za kiufundi na za kiutawala zinazostahili, na atoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa umetokea uvunjaji unaowaweka watu katika hatari halisi ya madhara. Sheria ya Uganda nayo ni ya mwaka huohuo, na Tanzania ikafuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taasisi isiyoweza kusema nani aliingia kwenye mtandao wake itatoa maelezo gani ndani ya saa hizo 72? Tume ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi na wasimamizi wenzake wa nchi jirani wanaweza kulimaliza hili kwa mwongozo mfupi unaotamka kwamba, kwa mtandao wa ndani wa taasisi inayoshika taarifa nyeti, neno moja la siri kwa wote si hatua inayostahili. Waanze na hospitali, kisha shule na vyama vya kuweka na kukopa, na watoe muda wa kutosha. Zabuni za serikali za vifaa vya Wi-Fi nazo zitaje sharti hilo, ili mzabuni asilipwe kabla watumiaji hawajaingizwa mmoja mmoja.

Idara za utumishi hazihitaji kusubiri mwongozo huo. Kila taasisi ina fomu anayojaza mfanyakazi anayeondoka: amerudisha kitambulisho, funguo, laptopu, amelipa deni la mkopo. Iongezwe mistari miwili, mmoja wa fundi wa mitandao kuandika saa aliyoufunga utambulisho wake wa Wi-Fi, na mwingine wa sahihi ya mkuu wa idara aliyehakikisha.